Dokta Onesphore na Mchele Unaodunda

Jumatatu, 2 Septemba

Kikao cha komite ya Maulidi. Nimerudi kichwa kinagonga. Babu yangu ndiye aliyekuwa akitoa mchele wa Maulidi hapa mtaani Kimanga. Baba akafuata. Mimi nimetoa miaka tisa mfululizo, mchele wa Luberizi, huko bondeni, unaonukia hadi barabarani. Leo mwenyekiti, Mzee Akram, anatangaza kwamba mwaka huu walioomba heshima hiyo ni wawili. Wawili! Wa pili ni Mwavita, binamu yangu, mwenye duka la tatu kutoka langu. Anauza mchele wa ng'ambo, magunia meupe yenye picha ya kasuku. Kasuku na Maulidi wapi na wapi?

Nikauliza kwa adabu mchele wangu una kosa gani. Mzee Akram akasema, kwa upole unaoudhi, kwamba mwaka jana pilau ilipopinduliwa kwenye sinia ilibaki na umbo la sufuria, na mgeni mmoja kutoka Fizi aliomba kisu. Watu wakacheka. Mwavita akacheka akijifunika mdomo kwa kitenge, ili nione kwamba anajizuia.

Uamuzi ni Ijumaa, baada ya sala. Siku nne tu.

Mama bado yuko kitandani. Tumbo lilimshika wiki nzima, ametoka kituo cha afya amebaki mifupa. Muuguzi Annie ameagiza uji wa mchele mara nne kwa siku, maana chochote kingine kinarudi kilikotoka. Mama anakunywa na kulalamika kwamba mke wangu, Upendo, ni mchoyo wa sukari. Akilalamika najua anapona.

Jumanne, 3 Septemba

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu, nikajikata kwa furaha.

Kina mama wa soko wana mazungumzo yao ya siku zote kwamba kuna mchele wa plastiki duniani. Kila mtu amesikia, hakuna aliyeuona. Kinachokosekana ni daktari.

Nikachukua laini ya simu ya zamani ambayo hakuna aijuaye. Nikaweka karanga moja shavu la kulia na moja la kushoto, sauti ikawa nzito, ya mtu aliyesoma. Nikarekodi ujumbe, nikajiita Dokta Onesphore, wa Bukavu, miaka ishirini katika maabara. Nikaanza na Kifaransa kidogo, kile ninachokumbuka. Nikasema mchele wa magunia meupe ni plastiki iliyosagwa, kwamba wakubwa wanajua na wananyamaza, na kwamba kuna njia ya kuujua: upike, finyanga donge, litupe chini. Likidunda, usile. Nikamaliza kwa kusema sambazeni kabla hawajaufuta ujumbe huu. Hiyo sentensi ya mwisho ilinijia yenyewe. Nadhani nina kipaji.

Nilituma kwenye kundi moja tu, la wachezaji mpira wa mtaa. Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Alasiri ujumbe ulinirudia kutoka makundi matatu, na kutoka kwa shemeji yangu aliyeko Bujumbura, ambaye aliongeza kwamba mtu anayefahamiana naye amekwisha kufa.

Upendo akasikiliza mara mbili, akaniuliza imekuwaje daktari wa Bukavu anasikika na bata wa jirani yetu. Nikamwambia hata Bukavu kuna bata.

Alhamisi, 5 Septemba

Ushindi mtupu. Duka la Mwavita halina mteja. Nimepita mbele yake mara tatu leo, mara ya tatu bila sababu yoyote. Nikampa pole kwa haya yanayosemwa. Nikamwambia watu siku hizi hawana huruma. Akasema: "Weye Kasimu, pole yako iko na meno mengi sana."

Wivu.

Kwangu wateja wamejaa. Kila mmoja ana habari mpya ya Dokta Onesphore. Mmoja amesoma naye. Mwingine anajua mke wake, mwanamke mrefu. Nilisikiliza kwa hamu. Sikujua kama nimeoa mwanamke mrefu.

Nimeanza kupanga nitakavyokaa siku ya Maulidi. Mstari wa mbele, upande wa kulia, kanzu ya krimu.

Ijumaa, 6 Septemba

Aibu. Aibu. Aibu.

Baada ya sala tulikusanyika uani kwa Mzee Akram. Nilidhani watatangaza jina langu tunywe chai. Mwavita akaingia na sufuria mbili. Akasema yeye hana ugomvi na daktari yeyote. Daktari ametoa kipimo, basi tupime. Moja mchele wake, moja mchele wangu, aliotuma mtu aununue kwangu jana. Mimi mwenyewe niliupima! Nilimpa na nyongeza!

Akafinyanga donge la mchele wa kasuku. Akalitupa. Likasambaratika, punje huku na huku, kuku wakafika mbio.

Akafinyanga donge la mchele wangu. Nikaona jinsi lilivyoshikana mkononi mwake. Akalitupa. Likadunda. Likapita goti la Mzee Akram, likadunda tena, likajiviringisha chini ya benchi la wazee. Mtu akapiga makofi. Mwavita akaomba ruhusa arudie, safari hii kutoka juu zaidi, kwa ajili ya waliokaa nyuma.

Sisi wote tuliozaliwa hapa tunajua mchele wa bonde la Ruzizi unanata. Ndio uzuri wake! Unashika mchuzi, unashika vidole. Mimi nilijua hilo kuliko wote, na bado nikawapa watu kipimo cha kudunda. Niliinuka nikaeleza tofauti ya kunata na plastiki. Nilieleza vizuri. Mzee Akram akanikatiza akauliza kama mimi ni daktari.

Uamuzi umeahirishwa wiki moja. Hilo angalau.

Jumamosi, 7 Septemba

Sikulala, naandika mapema. Simu haitulii. Sasa inasemekana mashine ya kutengeneza plastiki iko Luberizi, imefichwa chini ya ghala. Wanataja hata rangi yake, ya kijani. Mimi sikusema mashine! Dokta hakutaja Luberizi hata mara moja!

Adhuhuri.

Amekuja Jean-Berchmans. Huyu ndiye mkulima anayeniletea mchele, mtu wa huko bondeni, Mkatoliki mpole asiyejua hata kugombana bei. Shati limechanika begani. Amezuiwa karibu na Kavimvira, njia ya mpakani, na kundi la vijana waliokuwa na ujumbe wa Dokta kwenye simu. Wakamwambia nyinyi watu wa bondeni ndio mnatuua. Wakamlazimisha atafune mchele mbichi, konzi baada ya konzi, waone kama anaogopa kuumeza. Jino lake la pembeni limevunjika. Magunia matatu wakayamwaga mtaroni. Angepigwa vibaya, asema, kama asingetokea mama mmoja aliyekuwa ametoka mpakani kuchukua bidhaa zake, akasimama katikati yao akawatukana mpaka wakatawanyika. Mama mwenye kitenge cha manjano. Mwavita ana kitenge cha manjano. Sikuuliza zaidi.

Nikampa chai. Alishindwa kuinywa upande wa jino. Akaniuliza kama mimi, mtu wa mjini, ninamfahamu huyo docteur. "Minye mupunga naulima tangu niko mutoto," akasema. Angependa kumwalika shambani, amwoneshe maji yanapoingia, amwoneshe mbegu, labda hajawahi kuona. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Nikasema simfahamu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamshoneshea shati kwa fundi wa jirani, na bado haya haikuisha.

Nimeamua: Dokta Onesphore asisikike tena. Nimeitoa ile laini kwenye simu. Nimeificha kwenye kopo la majani ya chai.

Jumapili, 8 Septemba

Mama amekataa uji.

Upendo alimpelekea asubuhi, akafunga mdomo. Nikaenda mwenyewe. Akavuta simu yake chini ya mto, ile niliyomnunulia mimi, akaniwekea ujumbe wa Dokta Onesphore. Wote. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikajisikiliza kwa dakika nne.

Nikamwambia Mama hizo ni porojo. Akaniuliza nilisomea wapi. Nikasema mimi nauza mchele tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Akasema ndiyo maana, muuzaji atasemaje? Kisha akaurudia ujumbe kutoka mwanzo, kwa sababu anapenda namna huyo mtu anavyozungumza. Anatulia, asema. Hakatizi watu. "Ule muntu iko na akili, tena iko na eshima. Si kama weye, unaongea utafikiri unafukuzwa."

Tulijaribu bugali laini. Ukarudi. Tukajaribu uji wa mahindi, nao ukarudi. Tukajaribu kumdanganya kwamba ni uji wa kitu kingine. Mama amepika miaka sitini, ukimpa mchele hata gizani anaujua.

Jumanne, 10 Septemba

Siku ya tatu. Amekunywa maji na chumvi tu. Mikono yake imekuwa myepesi, nikiishika naogopa. Muuguzi Annie alikuja, akamtazama macho na ulimi, akanitoa nje. Akasema asipokula hadi keshokutwa anarudi kitandani kituoni na sindano ya maji mkononi, na kwa umri wake hapendi kusema zaidi ya hapo. Akasema pia kwamba si Mama peke yake. Kuna watoto watatu waliotoka kuhara ambao mama zao wanakataa kuwapa uji wa mchele. Akasema huyo Dokta Onesphore akimkamata atamchoma sindano ya farasi.

Nikaitikia kwa kichwa.

Basi nikafungua kopo la majani ya chai. Karanga mbili. Dokta Onesphore akasema amefanya uchunguzi upya, amegundua alikosea, mchele wote ni salama, samahanini sana. Mfupi, wa kweli, bila mbwembwe. Nikautuma na nikahema.

Jioni majibu. Amenunuliwa! Sikilizeni sauti inavyotetemeka, wamemwekea bunduki! Mtu wa Kalimabenge amesikia mwingine akipumua pembeni. (Ni bata.) Shemeji wa Bujumbura anasema Dokta wa kweli ameshafungwa na huyu ni wa kuigiza. Walioanza kusahau habari ya mchele sasa wanaamini mara mbili.

Na Mama alilia. Alimlilia Dokta! Akainua mikono akamwombea atoke salama mikononi mwa waliomteka. Mimi nikiumwa huniombea kwa kifupi.

Jumatano, 11 Septemba

Nimekiri. Ndiyo, mimi. Sikuwa na njia nyingine, na kwa kweli nilitaka.

Niliketi karibu yake nikashika mkono wake nikasema: Mama, Dokta Onesphore ni mimi. Nikaeleza yote: laini, Maulidi, Mwavita, yote. Nilitegemea kofi. Ningelifurahia.

Mama akacheka. Mara ya kwanza tangu augue. Akasema Kasimu mwanangu, hujabadilika. Nikiwa na miaka minane timu ya mtaa ilishinda, nikarudi nyumbani nikidai bao nimefunga mimi, na mimi hata uwanjani sikuwako. Akasema si vizuri kujitwalia kazi ya mtu aliyeko kifungoni.

Nikaapa. Akasema basi ongea kama yeye. Nikajaribu, sauti yangu ikatoka kama yangu. Nikakimbia jikoni kutafuta karanga. Upendo alikuwa amezitia zote kwenye mboga ya sombe. Nikarudi nikajaribu na vipande viwili vya muhogo, nikakohoa, kimoja kikaruka kikaangukia shuka. Mama akasema, kwa huruma, kwamba hata kidogo hatufanani.

Upendo alikuwa mlangoni akisikiliza. Nikamwomba ashuhudie. Akasema ndiyo Mama, ni yeye, huyo huyo. Mama akamsifu kwa kumtetea mume wake, akageukia ukuta.

Nilitoka nikalia nyuma ya tangi la maji. Naliandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Sitaki Mama afe kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Alhamisi, 12 Septemba

Nilinunua karanga kilo nzima.

Ukweli haukusaidia. Samahani haikusaidia. Basi Dokta Onesphore ametoroka. Alizungumza kwa kunong'ona, kutoka mahali asipoweza kupataja. Alisema ujumbe wa juzi alilazimishwa. Alisema kipimo cha kudunda ni cha zamani, wabaya wamekijua na wamekizunguka. Kuna kipimo kingine ambacho hawakutaka wananchi wakijue: weka kijiko cha chuma katika sufuria ya mchele unaochemka. Kikielea, kimbia. Kikizama, huo mchele ni wa Mungu, mpe hata mgonjwa.

Mama alisikiliza mara tatu. Akamshukuru Mola kwa kumtoa Dokta salama. Akaagiza sufuria iletwe chumbani, na jiko, mbele ya macho yake. Upendo akaleta. Mama mwenyewe akadondosha kijiko.

Kikazama.

Alikunywa mabakuli mawili na kusema sukari haitoshi. Nilimfuta mdomo, sijui kama nilikuwa nacheka au vipi. Upendo alinijazia sahani yangu.

Ijumaa, 13 Septemba

Kimanga nzima inazamisha vijiko. Unavisikia ukipita. Wale watoto watatu aliowataja muuguzi Annie wamekula. Yeye anasema hajui acheke au ajiuzulu.

Uani kwa Mzee Akram kijiko kilizama katika mchele wangu. Nilipaza sauti: mmeona! Kisha kikazama katika mchele wa Mwavita. Bila shaka kilizama, ni kijiko! Nilijaribu kusema chake kimezama polepole. Hakuna aliyeniunga mkono.

Basi michele yote miwili ni ya Mungu, akasema Mzee Akram, na kilichobaki ni upi hauhitaji kisu. Mwavita. Miaka mitatu ya babu, sijui mingapi ya baba, tisa yangu, imeishia hapo, kwa kijiko nilichokitoa mimi.

Jambo la pili limeniuma zaidi. Jean-Berchmans yuko mjini. Nilimwona akishusha magunia kwa Mwavita. Alinisalimu vizuri tu, kwa mkono juu ya mdomo kwa ajili ya jino. Akasema yule mama alimpigania barabarani wakati hata hakumjua, basi ameona amletee yeye. Akaniuliza tena kama nimepata habari yoyote ya docteur. Siku hizi anatembea na kijiko shingoni, kwa uzi, kwa ajili ya vijana wa barabarani.

Jumapili, 15 Septemba

Maulidi. Nilikaa mstari wa nne nyuma ya nguzo. Pilau ya Mwavita ilianguka kwenye sinia punje moja moja, watu wakasema maashallah kabla ya kuonja. Nilikula sahani tatu kwa nia ya kutafuta kasoro.

Mwavita akapita akiongeza watu nyama. Kwangu akaongeza kipande kikubwa, akainama akasema sikioni: "Bata wa jirani yenu iko analia sana, Kasimu. Minye nilimusikia tangu siku ya kwanza." Akaendelea na sinia lake.

Nikapaliwa. Anajua! Tangu mwanzo! Na hajasema kwa mtu. Kwa nini hasemi? Anapanga nini?

Jumatano, 18 Septemba

Mama anatembea hadi uani sasa. Ila muuguzi Annie amempima presha na kumkuta iko juu. Amempa vidonge, asubuhi na jioni, asiache hata siku moja. Mama amevipanga vizuri juu ya kabati na hajameza hata kimoja. Anasubiri Dokta Onesphore aseme neno.

Annie amenishika shati. Amesema presha si mchezo, niongee naye, mimi si ndiye mwanawe?

Niliongea. Mama alinisikiliza akanipapasa kichwa.

Sasa niseme wazi: nilikuwa nimeapa. Lakini mama ni mama. Hii ilikuwa ya mwisho kabisa. Karanga mbili. Dokta Onesphore akawaambia kina mama wote waliopewa vidonge vya presha wavimeze asubuhi na jioni, bila kukosa, ni vizuri, yeye mwenyewe anavimeza. Ujumbe safi. Hata Annie angeutia sahihi.

Mama akasikiliza, akameza kidonge papo hapo, kwa maji. Akaiweka simu kifuani. Kisha akasema laiti huyo angekuwa mwanangu.

Nilitoka nje nikasimama. Bata walikuwa pale. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama ninavyomwonea yule daktari.

Nilikusudia kuivunja laini leo. Nitaivunja. Ila yule Mwavita na siri yake hanitoki kichwani, na tangu Maulidi duka lake halipitiki kwa wateja. Na kwa kuwa simu ilikuwa mkononi na karanga zilikuwa bado mdomoni, nilikuwa nimeongeza sentensi moja mwishoni mwa ujumbe ule. Moja tu. Kuhusu mafuta ya kupikia ya kopo la njano, ambayo mtaani yako kwa Mwavita tu. Sikutaja mwenye duka. Nilisema tu kwamba wenye akili wayachunguze.

Saa hizi naambiwa huko Kavimvira kuna watu wameanza kuyachoma moto barabarani. Wakitia chumvi, shauri yao. Mimi si daktari.